Njia Iliyopinda Nyuma ya Nyumba ya Wageni

Shamba la mkonge lilipofungwa kule Kilosa, baba alirudi nyumbani Mabwerebwere akiwa hana kazi, nami nikaenda Mikumi kutafuta kibarua. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara za watu binafsi zilipofunguliwa. Kila mwenye kiwanja kando ya barabara alikuwa anajenga nyumba ya wageni. Nikapata kazi ya usafi kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Vyumba vyake vilikuwa kama vya wenzake. Uwanja wa nyuma ndio uliotutia shaka.

Alimwambia fundi njia ya kwenda bafuni ipinde mara mbili, pembeni ipandwe michaichai, na kwenye kona ya pili lijengwe benchi la mawe.

"Mama, wageni watazunguka bure," fundi alisema.

"Wazunguke."

Hakueleza zaidi. Nani anapoteza saruji hivyo, wakati hata mfuko mmoja ulikuwa wa kuhangaikia? Tena kila asubuhi alijaza maji chungu kidogo kilichokaa chini ya benchi, na hakutaka mtu mwingine akiguse. Mpishi, dada wa makamo kutoka Magole, aliniita jikoni.

"Mdogo wangu, hapo pamefukiwa kitu. Njia imepindwa ili riziki ya mgeni ikishaingia isijue pa kutokea."

Tangu siku hiyo nikawa napita majanini, siikanyagi ile njia. Nilipougua homa nikarudi nyumbani, mama yangu alisikia habari ya ile njia, akasema kwa uhakika, "Umekanyaga."

Nilipopona nikarudi kazini, nikaamua kujua. Adhuhuri moja bosi alikuwa amekwenda sokoni. Nikachukua panga, nikapiga magoti, nikachimba chini ya benchi. Nilikuta kokoto, mchanga, kokoto tena. Nikazidi kuchimba.

"Unatafuta nini?"

Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu chake. Niliweka panga chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, unatafuta nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa uongo haukunijia. Nilidhani atanifukuza. Alitua kikapu, akakitazama chungu nilichokuwa nimekiangusha.

"Hayo maji ni ya ndege," alisema. "Mkikijaza nyie mnatia na sabuni. Fukia shimo, kisha kaa hapo."

Akaenda zake. Nilikaa kwa woga, ukingoni mwa benchi. Kona zile mbili zilikuwa zimeificha barabara. Malori ya Zambia nilikuwa nayasikia kwa mbali, kama ya mji mwingine. Michaichai niliyoiparaza kwa sketi ilikuwa inanukia. Mbele yangu palikuwa na milima tu. Sijui nilikaa muda gani. Najua nililia, nikimlilia baba na buti zake zilizokaa mlangoni bila safari. Nilipoinuka kifua kilikuwa chepesi, na hilo likaniogopesha kuliko shimo. Mtu atakulizaje kwa mawe na majani?

Nilifanya kazi pale miaka tisa. Mama yangu alipokuja kunitembelea, alikataa chai na hata maji. Siku moja nilichelewa kumaliza vyumba, nikamkuta kwenye lile benchi, viatu mkononi, macho kayafumba.

"Mama?"

Akashtuka. "Hapa pana kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Usimwambie bosi wako kwamba nimekaa."

Sikumwambia. Mwezi uliofuata mama yangu alikuja tena, akaniuliza langoni, kabla hata ya salamu, kama kule nyuma kuna mtu.