Mahudhurio ya Riziki

Tarehe nane Machi nilimpoteza mjukuu wangu Riziki, wa darasa la tatu, kwa homa ya siku mbili.

Mimi ni karani wa skuli yetu hapa Jambiani. Nimeishia kidato cha pili, lakini kishikwambi cha kuingizia mahudhurio nakiweza. Kwenye jina lake palikuwa na kitufe cha “amefariki”. Kidole kilikataa. Nikabonyeza “yupo”, upepo ukaleta harufu ya mwani, nikawa kama namwona anaingia, viatu mkononi. Nikabonyeza hivyo kila asubuhi hadi Juni, mjinga mimi, nikidhani kule mjini hakuna anayeyasoma mahudhurio hayo.

Ijumaa akaja ofisa wa elimu na begi jipya la waridi.

“Kuna mtoto hapa hakukosa hata siku moja,” aliwaambia wanafunzi mstarini. “Mashaallah! Riziki Haji, njoo uchukue zawadi yako.”

Watoto wakatazamana. Mwalimu mkuu akanigeukia, uso umempauka. “Bi Mwanaidi, umefanya nini?”

Ofisa hakumsikia. “Usione haya, mwanangu. Riziki!”

“Naam,” nikaitika mimi.