Taa za Tela la Kisiju

Mie sijapata kuchukia chombo cha moto kama nilivyoichukia pikapu ya tajiri wa nazi, siku tela lake lilipogoma kuwaka taa.

Zama hizo za Mwingereza nilikuwa fundi wa magari hapa Temeke, chini ya banda la makuti. Jana yake msafiri mmoja aliyekuja kwa miguu alikuwa ameniletea habari kutoka kwetu Kisiju: mama yangu mahututi, hali wala hanywi, na kila akifumbua macho ananiulizia mimi. Nami ndiye mwanawe wa pekee. Tangu nisikie hayo, hata tonge halikupita kooni. Masika yalikuwa yamepamba moto, njia tope tupu, na magari yote yalikwisha susa kwenda upande ule isipokuwa hiyo pikapu. Kwa miguu ningemkuta hai? Thubutu!

Asubuhi pikapu ikaingia bandani, imetoka Kisiju na mbata, nazi zilizokauka, tela nyuma. Dereva wake alikuwa mtani wangu, yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo. Wasiojua utani wetu wakitusikia walidhani tutatoana roho. Huniita mtumwa wake, hunitukania mama na bibi, nami namrudishia, kisha twanywa chai kikombe kimoja.

Siku hiyo alishuka garini akasema, "Habari za asubuhi, bwana."

Bwana! Nikaweka spana chini.

"Mama umemwona?" nikamuuliza.

"Nilimwona."

"Anaendeleaje?"

Akageukia tela. "Askari wamenizuia. Tela bila taa za nyuma halipiti tena Mbagala, maana giza litatukuta njiani. Na tajiri kasema bila tela la kurudi na chumvi yake, hakuna safari. Funga taa, bwana, twende kwenu."

Nikajitupa chini ya gari. Nikavuta waya kutoka kwenye swichi ya taa, nikaupitisha ubavuni mwa pikapu, nikauvusha hadi kwenye tela, nikafunga taa mbili, na kila kiungo nikakiviringishia tepu vizuri. Kazi hiyo nilikwisha ifanya kwenye malori mara nyingi, hata kwa macho yaliyofumbwa. Nikamwambia, "Washa!"

Kimya. Taa za pikapu zinawaka, za tela giza.

Nikafungua yote, nikafunga upya. Globu nikaigusisha kwenye betri, ikawaka vizuri. Nikairudisha kwenye tela, ikafa. Ala! Nikalipiga tela teke, nikaumia kidole, nikalitukana na fundi aliyelitengeneza na ukoo wake mzima. Muuza kahawa aliyekuwa akipita akaniambia haraka haraka haina baraka. Nikamwambia baraka zake akazinywe na kahawa yake.

Adhuhuri ikapita. Mawingu yakaanza kushuka. Dereva kakaa juu ya gunia, hajanitukana hata mara moja. Nikamwendea na koleo mkononi.

"Mtani, nitukane."

"Funga taa, bwana."

"Nitukane, nakuomba! Niite mtumwa. Mseme mama yangu, sema pua yake, sema lolote. Mbona waniogopesha hivi? Mimi nimekukosea nini?"

Akanisogezea tepu. Nikarudi kwenye tela nikilia, wallahi, mtu mzima na ndevu zangu, makamasi yananichuruzika, navuta waya huku naomba Mungu anicheleweshee mama yangu hata siku moja tu.

Nikiwa nimeegemea pale tela linapoungana na gari, ndipo nikakiona nilichokishikilia: mti. Tajiri yule, kwa kukwepa gharama ya chuma, alimpa seremala achonge mti wa kuvutia tela. Mie nimezoea malori, chuma kimeshikana na chuma toka mbele hata nyuma, waya mmoja unapeleka umeme na bodi yenyewe inaurudisha. Hapa ungerudi wapi? Mti haupitishi! Nikakata waya mwingine, nikaufunga kwenye chuma cha taa zile, nikauleta hadi kwenye chuma cha pikapu, nikakaza nati.

"Washa!"

Zikawaka zote mbili, nyekundu. Nikaruka, nikapiga kelele, "Twende! Twende, mtani, tumuwahi!"

Hakuingia garini. Akasimama mbele yangu, akavuta pumzi, kisha akaanza.

"Mtumwa wangu, yule bibi kizee wenu mzito kama gunia la chumvi. Nimembeba mimi hadi shimoni, bega limeteguka. Chai hakunipa, asante hakusema, kajilalia tu. Nani atanilipa?"

Utani wa namna hiyo una mahali pake pamoja tu, nao ni msibani. Nikamkaba shati. Nilitaka kumvunja meno, na mtani hapigwi. Yeye machozi yanamshuka, na mdomo hauachi kumtukana mama yangu, kama inavyompasa.

"Jana alasiri tumemzika," akasema mwisho. "Wajomba zako wamenituma nikuletee habari, ufike matangani. Ningekwambia asubuhi, ungeweza kushika waya?"

Nikamwachia shati. Nikapanda.

Mbagala askari alizitazama taa, akatupungia mkono tupite. Tulikwama kwenye tope, tukasukuma, tukakwama tena. Kisiju tuliingia kumepambazuka. Shangazi akanipokea mlangoni, akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imelididimiza kaburi upande wa kichwani. Nikapiga magoti, nikaanza kujaza udongo.