Watoto wa Kizimba cha Sita

Walimwita Mama Panya, jina asilolipenda hata siku moja, ingawa kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyewalisha panya weupe wa maabara na kuwabadilishia maranda. Dada yake hakuacha kumcheka. "Wenzako wananunua sumu, wewe unawaamkia!"

Hayo aliyavumilia. Aliyemshinda ni yule daktari mtafiti mpya.

Daktari alichunguza virusi vilivyoua panya wachanga, ilhali wakubwa waliugua kidogo tu wakapona. Kinga ya mtoto bado changa, alieleza. Mama Panya aliyajua hayo kwa macho: watoto wa siku tatu, wekundu, macho hayajafumbuka, wakidungwa leo, baada ya wiki kizimba kiko kimya. Kimya hicho hakuwahi kukizoea.

Kibaya zaidi, daktari aliingia amejipulizia marashi. Panya wazazi walichanganyikiwa, wakala watoto wao.

"Daktari, harufu."

"Samahani, mama. Kesho."

Kesho yake, marashi yaleyale. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Awamu ya nne ya majaribio, watoto wote wa kizimba cha sita wakapona. Sita, wanene, wanakanyagana kugombea chuchu. Daktari akaja juu.

"Umechanganya vizimba!"

"Sijachanganya. Soma daftari."

"Basi chupa ya virusi ililala nje ya friji."

"Ufunguo wa friji unao wewe. Soma daftari, mwanangu."

Hakusoma. Alikwenda kushtaki kwa mkuu wa maabara, na Mama Panya akahamishiwa kuosha chupa. Wiki mbili aliosha huku akisonya. Nyumbani mumewe akamuuliza, "Kwa nini usiwaambie tu?"

Alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. "Nimewaambia mpaka koo limekauka!"

Siku ya kikao cha maabara alikuwa akipita na ndoo alipomsikia daktari akieleza upya "uzembe wa kizimba cha sita." Akatua ndoo mlangoni, akaingia, akachukua daftari rafuni na kusoma kwa sauti: "Jumatatu. Mama wa kizimba cha sita amekufa akijifungua. Watoto nimewaletea yule mkongwe wa kizimba cha kumi na moja, ana maziwa. Huyu alidungwa virusi mwaka jana, akapona."

Mkuu akavua miwani. Daktari akalivuta daftari, akasoma mwenyewe.

"Kingamwili," akasema hatimaye. "Zimepita kwenye maziwa."

"Mimi najua nani kanyonya wapi," alijibu Mama Panya. "Mengine ni yenu."

Walipima. Maziwa ya yule mkongwe yalijaa kingamwili dhidi ya virusi hivyo. Watoto walizinyonya, zikapenya matumboni hadi damuni, zikawalinda wakati kinga yao wenyewe ikijifunza kazi. Walirudia kwa wazazi wengine waliowahi kuugua, na watoto wengi wakaishi.

Mkuu alimwomba radhi mbele ya wote, akamrudisha kwenye vizimba vyake. Daktari naye aliomba, harakaharaka, jicho moja kwenye simu. Hapohapo akaagiza panya kumi waliowahi kuugua, wenye watoto wachanga, kesho asubuhi.

"Kesho?" Mama Panya akashika kiuno. "Daktari, mimba ya panya ni siku ishirini. Utasubiri kama akina baba wengine."

Akaokota ndoo yake, akaenda zake.