Moshi Uliofutwa Ukutani

Harufu ya kiberiti ilitukereketa kooni tangu kuzaliwa, sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi pale Likasi, hata tukadhani hewa yote duniani inanuka hivyo. Mwezi wa Juni, nilipokuwa na miaka sita, harufu hiyo ilitoweka. Tanuru la shaba lilikuwa limezimwa, na wanaume wakaambiwa wangoje nyumbani mpaka watakapoitwa.

Wengine walikwenda kupasua mawe ya chokaa Kakontwe. Baba, fundi wa tanuru, alikataa. Wito ukija, alisema, asikutwe mbali. Badala yake alimwagiza mchoraji wa mtaani picha ya kiwanda, juu ya kitambaa cha gunia la unga, kama zile zilizotundikwa katika sebule nyingi za kwetu: majengo, kilima cheusi cha makapi ya shaba, na bomba refu. Desturi ilitaka bomba litoe moshi mzito, kwa kuwa moshi ulimaanisha mshahara. Baba akaketi mbele ya picha hiyo kutwa nzima. Jirani alimtania: "Papa Kabedi, kumbe kwenu moshi iko natoka!" Hakucheka. Mama alitoka alfajiri kwenda kuuza mihogo sokoni Kikula, nami nikabaki kumpikia mtu asiyeinuka kitini, dirishani anga tupu, ukutani anga iliyojaa moshi. Shule niliijua kwa kengele yake tu.

Jumatatu ya kwanza ya Agosti, mwaka wa tatu wa kungoja, Baba akiwa mazikoni kwa mwenzake, Mama alirudi na mchoraji.

"Utoe moshi yote," alimwambia.

Mchoraji alisita. "Mama, tablo bila moshi, nani ataipenda?"

"Sitafuti wa kuipenda. Niko natafuta bwana yangu atoke ku kiti."

Rangi ya buluu iliyofunika moshi ilikuwa bado mbichi Baba aliporudi. Alisimama mbele ya ukuta, akavua kofia. "Basi," alisema. "Wamezima." Kesho yake alikwenda Kakontwe. Septemba nikaingia darasa la kwanza, mrefu kuliko wote, wala sikuona haya.

Leo malori ya migodi mipya yanapita kwetu usiku na mchana, na wanangu wananipigia simu kutoka Lubumbashi wakinisihi nihamie kwao. Nawajibu kwa upole kwamba nina nyumba yangu. Siwaambii kwamba tangu Machi ya mwaka juzi, nilipomzika mume wangu, kila jioni mlango wa uani, aliozoea kuingilia akitoka kazini, nauacha bila komeo mpaka giza liingie. Mama alijua la kufanya, akalifanya kwa siku moja. Humu ndani mwangu hajabaki mtu wa kwenda kumwita mchoraji.