Kupatana Bei na Mdondo

Shirika liliponipunguza kazini, miaka ile ya ruksa, kiinua mgongo changu nilikigeuza kuku. Niliwahesabu sitini. Niliporudia wakawa hamsini na tisa, maana walikuwa wanatembea, nikashika hesabu ya kwanza. Mpango ulikuwa Krismasi: siku za kawaida kuku ana bei, Krismasi ana heshima.

Kabla ya Krismasi, mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku, ukaingia mtaani kwetu Kizota. Jirani yangu alikuwa ameshafukia kuku wake karibu wote, amebaki na jogoo. Chanjo iliuzwa kwa chupa ya kutosha kuku mamia, nayo ilitaka friji. Mimi nilikuwa na mtungi. Basi niwauze sasa, kwa mnunuzi anayejua kwamba naogopa, au ningoje nifukie mtaji wangu wote?

Mpangaji wangu, mwalimu wa hesabu, alisema hilo linakokotoleka. Akapanga punje sitini za mahindi kwenye ungo.

"Tuseme, mama, kila mgonjwa anaambukiza watatu kabla hajafa."

"Watatu wengi. Weka wawili."

"Mama, hii siyo bei."

"Kila namba ni bei, mwalimu. Wawili."

"Ugonjwa haupunguzi."

"Umeuuliza?"

Akakokotoa zote mbili. Kwa watatu, ungo uliisha kwa mizunguko mitano. Kwa wawili, sita. Nikarudia mwenyewe, punje kwa punje. Ubishi wangu wote ulikuwa umeninunulia mzunguko mmoja.

"Hiyo namba ya wanaoambukizwa inatakiwa ishuke chini ya mmoja," alisema. "Hapo ugonjwa unakatika wenyewe. Chukulia kuku ni kama chembe za hewa ndani ya chupa: zinazunguka ovyo, zinagongana. Ukipunguza kugongana, umepunguza namba."

"Kuku wangu hawazunguki ovyo. Asubuhi wote jalalani, mchana jogoo wa jirani anakuja kusalimia."

Aliacha kalamu. "Basi mama, hapo ndipo wanapogongana."

Nikanunua mabati chakavu na magunia, nikatenga vibanda vitano, kuku kumi na wawili kila kimoja. Chakula nikawapelekea, na kila kibanda nikakiwekea ndala zake mlangoni, kwa sababu mwalimu alisema hata mimi ni chembe.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Jamani, umefungua gereza?"

"Hosteli. Na huyo jogoo wako marufuku kutembelea."

Mdondo ulikuja hivyo hivyo. Kibanda cha kwanza kiliisha chote. Mwalimu alirudi kutoka shuleni, akauliza wamekufa wangapi, kwa siku ngapi, akaweka alama kwenye mchoro aliouchora wa makadirio yake. Alama ilikaa kwenye mstari. Alitabasamu, akaniangalia, akaacha.

Tukahamia kibanda cha pili. Tetea mmoja akapiga chafya.

Akapiga tena. Upepo wa Dodoma ulikuwa unapita na nusu ya barabara, nasi wawili tukiwa tumefumba macho nusu, tunamsubiri kuku. Kisha mwalimu naye akapiga chafya.

"Vumbi," nikasema.

"Data haitoshi, mama."

Kesho yake yule tetea alitaga. Mwalimu akakubali kwamba hiyo ni data.

Kuku wa vibanda vinne walifika Krismasi wazima, wakauzwa, wakafa kwa sababu za kawaida: kisu na pilau.