Jioni ya Idi Nilipowashikia Antena

Kwanza ulikuwa ule mlio. Televisheni za zamani zilipokosa mawimbi hazikunyamaza kama hizi za leo. Zilijaa chenga nyeupe kioo kizima, na chenga zile zilikuwa na sauti, kama mafuta yanayokaanga dagaa wabichi. Mlio huo ulitoka dirishani kwa Baba Mkubwa Salehe, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, hapa Tanga, ukanifikia uani nilikosimama mimi na nguzo yangu. Ua wenyewe ulinuka majivu, maji ya kuoshea samaki, na asumini za Mama Mkubwa Zuhura alizozipanda karibu na choo kwa makusudi. Mpaka leo, mtu akikaanga kitu kwa moto mkali, kiganja changu cha kulia hujikunja chenyewe, kama kinatafuta waya wa kushika.

Mimi naitwa Mwanahamisi binti Bakari, nyumbani Hamisa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeona nimeandika kama ninavyosema anivumilie. Ila majina ya watu sijasahau hata moja. Baba yangu Bakari alifariki meno yangu ya mbele yakiwa ndiyo kwanza yameng'oka. Mama yangu, Riziki, alikuwa mtu wa Unguja. Eda ilipokwisha alirudi kwao, akataka kunichukua, na ndugu wa baba wakasema mtoto ni wetu, havushwi bahari. Nikabaki kwa Baba Mkubwa. Sitamsingizia: nilikula alichokula binti yake Tatu, nikavaa alichovaa Tatu, na Tatu tulilala kitanda kimoja, mwenzangu kwa kila kitu. Ila mama yangu sikumwona tena utoto wangu wote. Sura yake ilianza kunipotea taratibu, kwanza macho, halafu mdomo, na mimi nikawa naona aibu kumwambia mtu kwamba simkumbuki vizuri mama yangu mwenyewe. Sauti yake tu ndiyo iliyobaki.

Miaka ile huku bara hapakuwa na kituo cha televisheni, lakini Unguja ilikuwapo, na mawimbi yao hayakujua mpaka. Baba Mkubwa alikuwa akifuata nguo Mombasa, na safari moja akarudi na televisheni iliyoviringishwa ndani ya godoro. Fundi redio wa mtaani kwetu, Mzee Kombo, alitengeneza antena kwa mabomba ya aluminiamu, akaifunga juu ya boriti refu la mkoko, akalisimamisha uani kwenye shimo lisilojazwa saruji ili liweze kugeuzwa. Waya ulikuwa mfupi. Mzee Kombo akaunga kipande kingine, na ule ungio akaufunga kwenye boriti kwa kitambaa cha nailoni, sawa na bega langu. Picha ikaja siku hiyo, watu wakashangilia mpaka barabarani. Kesho yake upepo wa bahari ulivuma kutwa, jioni zikawa chenga tupu.

Basi ikawa kila jioni mtoto mmoja anatumwa uani kugeuza boriti, na Baba Mkubwa anaita kutoka dirishani: geuza, rudisha, umepitiliza. Tatu alishika, picha ikakataa. Athumani wa jirani alishika, ikakataa. Nilipopelekwa mimi, picha ilisimama palepale, imetulia, hata nywele za mtangazaji zinahesabika. Nikiachia, chenga. Nikishika, picha. Mle ndani nikamsikia Bi Saumu, muuza maandazi, akisema kwamba mtoto huyu mkono wake una baraka. Neno likashika. Kuanzia hapo nikawa mtu. Bi Saumu alinipitia alfajiri nimgusie unga wake wa maandazi ili uumuke, na ukiumuka ananipa la kwanza likiwa bado linachoma vidole. Wenye kuumwa jino walinishikisha shavu. Mama Mkubwa akawa hanitumi tena kuosha sufuria za masizi, ati nisiuchafue mkono ule. Mtoto asiye na baba, ambaye mama yake yuko ng'ambo, akipewa kitu kama hicho hakiulizi kimetoka wapi. Nilisimama uani kila jioni, mbu wananila miguu, nikiwasikiliza wenzangu wakicheka vitu nisivyoviona, na nilijiona mimi ndiye mwenye nyumba.

Mwezi wa Ramadhani wa mwaka uleule akaja mwanamke mmoja wa Kiunguja, Bi Mwatima, muuza marashi. Akaleta salamu kwamba mama yangu sasa yuko kwenye kikundi cha taarabu, kwa waitikiaji, na Idi mosi wataonyeshwa kwenye televisheni. Alisema hayo barazani, mbele ya wote, na mimi nilikuwa namenya vitunguu. Sikumbuki kama nilimaliza. Nilimfuata Baba Mkubwa akitoka kutawadha, nikamwambia siku hiyo nataka kuwa ndani. Alijifuta maji usoni. Akasema siku ya Idi nitakaa mkekani, mbele ya watu wote, karibu yake. Nikamwomba aape, akaapa, na Mama Mkubwa alikuwa anasikia.

Swali likawa nani atashika. Mama Mkubwa ndiye aliyetoa shauri: nipewe kitambaa nishinde nacho mkononi kutwa nzima, kisha kifungwe kwenye boriti pale ninaposhika, baraka ihamie. Mimi siku ya Idi nilitembea mtaani kupokea mkono wa Idi kwa kushoto, watu wakanigombeza, nikawaeleza kwamba wa kulia una kazi. Baada ya magharibi Baba Mkubwa mwenyewe alikizungusha kile kitambaa akakikaza kwa nguvu zake zote, na picha ikaja safi kuliko siku zote. Nilikaa mkekani na gauni langu jipya la waridi. Chumba kilijaa: Bi Saumu kwenye kiti, Mzee Kombo mlangoni, watoto hadi chini ya meza, harufu ya tambi za nazi na udi. Tatu aliinuka kwenda kunywa maji, akarudi akijifuta mikono kwenye gauni, akakaa karibu na mlango wala si pembeni yangu. Mtangazaji akasema sasa ni taarabu. Na hapo hapo zikaingia chenga.

Baba Mkubwa akaniinamia. "Hamisa mwanangu, kaishike kidogo tu. Akitokea nitakuita."

Nilikimbia. Kitambaa nilikikuta chini, nikadhani upepo. Nikashika, na mle ndani wakasema haya, imerudi. Vinanda vikaanza, fidla, ngoma, mwimbaji, halafu waitikiaji, na katikati ya wale waitikiaji nikaisikia sauti iliyokuwa ikinilaza. Hukosei sauti kama hiyo. Nikaita, "Baba Mkubwa, nije?"

"Bado, mwanangu. Hajatokea bado."

Nilikuwa namsikia mama yangu kwa masikio yangu. Nikaita tena, akanijibu vilevile, kwa upole. Nifanye nini? Nikiachia nikimbilie ndani, nitakuta chenga, na wote watakuwa wamemkosa. Nikishika, yuko pale, mzima, anaimba, na wanamwona wengine. Kwa hiyo nilishika. Nilishika mpaka vidole vikafa ganzi, kwa sababu kwa akili yangu ya kitoto niliona mimi ndiye niliyembeba asianguke. Wimbo ukaisha, wakapiga makofi. Nilipoingia, kioo kilikuwa na mwanamume anasoma habari. Hakuna aliyeniangalia. Mama Mkubwa alinijazia sahani ya tambi, nyingi kuliko ya mtu yeyote, akaniwekea mapajani.

Siku chache baadaye Mzee Kombo alikuja na wembe na koleo. Nilikuwa naanua nguo. Alifungua ule ungio, na shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Akaikwangua ikang'aa, akasokota nyaya, akazifunga vizuri, akamwambia Baba Mkubwa kwamba kazi hii yeye aliomba kuja kuimaliza tangu Rajabu, akaambiwa aache kwanza. Pale waya ulipokuwa umelegea, akasema, ilitosha mtu kuubana tu. Tatu alikuwa mrefu, mkono wake ulipita juu. Athumani alikuwa mfupi. Wangu uliangukia penyewe. Nikasimama na nguo zilizokauka kifuani. Jioni ile picha ilikuja bila mimi, na kesho yake alfajiri Bi Saumu hakunipitia. Kama kuna siku niliyokua, ni hiyo.

Kwa miaka mingi niliamini kisa ni hicho basi: mtu mzima aliona raha kumtumia mtoto kuliko kukaza waya, na Idi ile bahati mbaya ikatokea. Hilo niliweza kuishi nalo. Baba Mkubwa aliniozesha kwa heshima, akafa nikiwa nimemshika mkono, na nilimlilia kweli. Mama naye alikuja Tanga hatimaye, mimi tayari nina watoto, yeye amekonda, kifua kinamsumbua. Jioni moja nikimsugua mgongo akaniambia kwamba siku ile ya televisheni aliwaomba wenzake wamwache ajitande leso ya zamani, ile aliyonibebea, wakati wenzake wote wamevaa sare, ili nimtambue. Akaniuliza, "Ulinijua?"

"Nilikujua, mama."

Alifurahi. Hakuniuliza zaidi, na masika yale yale akafariki.

Sasa mwaka huu binti yangu Rehema amenifungia dishi juu ya bati na king'amuzi chake. King'amuzi hicho kina matundu mawili nyuma, moja la waya wa dishi, jingine la waya wa antena ya kawaida kwa vituo vya hapa nyumbani. Vya dishi vikawa safi kama maji, vya antena vinakatikakatika, mtu anaongea uso wake unagawanyika vipande vipande, halafu kioo kinaandika hakuna mawimbi. Hakuna chenga, hakuna mlio, inakufa kimya. Rehema akamwita fundi Ismaili. Kijana ana adabu, alinipa shikamoo kabla ya kuvua viatu. Alieleza kwamba kwa kuwa dishi linaleta picha, king'amuzi ni kizima, ugonjwa uko upande wa antena, na akafungua kwenye kioo ukurasa wenye mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, ikipanda na kushuka. Akatoka nje kutafuta. Tulikuwa tumekaa barazani, mimi na Tatu, ambaye ni bibi kama mimi sasa, magoti yanamtesa, ila hukosi kumwona kwangu kila Ijumaa. Fundi akaona ungio umelegea, akauliza kama kuna mtu wa kuubana wakati yeye anaangalia mistari.

"Mpe Hamisa," Tatu akasema. "Huyu ndiye mwenye mkono."

Tukacheka. Fundi hakuelewa, nikamsimulia kwa kifupi, mpaka pale kitambaa kilipodondoka kwa upepo.

"Upepo gani?" Tatu akasema, bado anacheka. "Si nilikifungua mimi."

Nikamtazama. Kicheko kikamwisha taratibu. Akasema alidhani najua, alidhani baba yake aliniambia kabla hajafa. Kisha ikambidi aseme yote. Siku moja kabla ya Idi, Baba Mkubwa alimkalisha yeye na mama yake, akawaita Bi Saumu na Mzee Kombo, akawaambia kwamba mtoto akimwona mama yake atamtaka, na akishamtaka watampoteza, na hii ndiyo damu pekee ya Bakari iliyobaki. Kuniambia hapana aliona ni ukatili. Ndipo wakapanga. Niende mkekani nifurahi, Tatu atoke kama anayekunywa maji, alifungue fundo, kitambaa kidondoke chenyewe. Wote wakakubali. Bi Saumu, aliyekuwa akinipa andazi la kwanza, alikubali. Chumba kizima kilijua ninashikia nini, isipokuwa mimi. Tatu akasema walifanya kwa kunipenda. Nadhani ni kweli, na ndiyo maana siwezi hata kumkasirikia mtu mmoja nikamaliza.

Nilimuuliza jambo moja tu. Nilitaka kujua alivaa nini.

"Nani?"

"Mama yangu."

Tatu aliyasugua magoti yake, fundi anafunga kisanduku chake cha vifaa.

"Sikumwona, Hamisa," akasema. "Baba aliniweka niangalie mlango, usije ukaingia."

Picha imetulia sasa. Mistari yote miwili imejaa, na fundi amefunga ungio kwa utepe mweusi usioingiza chumvi. Wajukuu zangu wakikosa kipindi leo, kesho wanakitafuta kwenye simu, wanamsimamisha mtu katikati ya neno, wanamrudisha nyuma, wanamkuza uso kwa vidole viwili. Nikiwaambia kwamba zamani picha ilipita mara moja ikaisha, wananionea huruma, wanadhani nasikitikia kipindi. Miaka yote hii nilijifariji kwamba walau mwenzangu alimwona, kwamba sura ya mama yangu ya siku ile ilikaa mahali fulani ndani ya kichwa cha Tatu hata kama haikukaa kwangu. Ijumaa bado anakuja. Namtilia iliki kwenye chai kama anavyopenda, namsogezea mto wa magoti, Rehema anatuwashia televisheni. Tatu hutazama. Mimi namtazama yeye.