Tulipomngojea Mheshimiwa

Nina bucha Majengo, Meru mjini, nyuma ya msikiti, na ukutani nimetundika picha moja tu, ya Kapteni. Aliyeitundika kwanza ni marehemu baba. Kapteni ameinua mguu wa kushoto, mpira umeshatoka, na kipa wa watu anatazama mahali ambapo mpira haupo tena. Wateja vijana huniuliza kama ni ndugu yangu, nami hujibu ndiyo. Kumweleza kijana anayeshangilia timu za Ulaya kwenye simu jinsi klabu yetu ilivyokuwa ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kapteni ni mtoto wa wakulima wa kahawa kutoka Githongo, mtu wa kanisa kila Jumapili, lakini sisi Waislamu wa Majengo tulimchukua akawa wetu. Baba alimwekea maini kila Ijumaa na hakumtoza hata siku moja. Klabu haikuwa ikilipa wachezaji, ilikuwa ikiwashukuru, na shukrani hazijengi nyumba. Alipostaafu alirudi kwenye mibuni yake akazeeka kimya kimya. Kisukari kilimkuta huko.

Mwaka juzi, akipogoa mibuni, alikanyaga kijiti chenye ncha kikapenya buti lake la mpira. Mwenye kisukari mguu wake hauna habari. Alifanya kazi siku mbili nzima na kijiti kimo ndani ya nyama, mpaka mkewe alipoona damu kwenye soksi. Hospitali ilisema vidole viwili vitolewe upesi na kidonda kisafishwe, na mguu utapona. Lakini kadi yake ya bima ilikuwa imelala kwa kukosa kulipiwa, na bila malipo ya kwanza hakuna kulazwa. Wakampa dawa za kumeza na bandeji, wakamrudisha nyumbani. Mkewe aliteremka mpaka bucha kwangu, akakaa kwenye benchi ya wateja na kunieleza yote bila kulia. Nilimwambia mguu ule ni wetu sote, arudi nyumbani na moyo wake utulie.

Sisi watu wa huku ukitutajia shida, kabla ya kuuliza inauma wapi, tunaunda kamati. Jioni ile ile tulikuwa nayo. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu ambaye zamani alipiga filimbi ya kushangilia mechi zote, nami nikawekwa mweka hazina, kwa sababu mwenye bucha hawezi kutoroka na bucha. Michango yote iliingia kwenye simu yangu. Hakuna mwingine aliyeiona.

Na watu walichanga, sitawasingizia. Ijumaa imamu aliniruhusu kusema neno baada ya swala. Wazee ambao sikujua kama bado wanakumbuka mpira walinishika mkono na kuniachia noti ndani yake. Wauza miraa wa Kangeta walisimamisha soko kwa muda wakachanga papo hapo, na mmoja wao akanipigia simu kunisimulia bao la Kapteni ambalo mimi nilikuwepo nikiliona. Kanisa la Githongo lilitoa sadaka ya pili. Kabla ya wiki mbili kwisha, nilitazama simu yangu nikaona kuwa malipo ya hospitali yametimia, na chenji ya dawa juu yake.

Hapo ndipo ningepaswa kufunga bucha, nikodi gari, nimchukue Kapteni. Badala yake nilimpigia mwenyekiti, naye akaniuliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo moyoni: na harambee je?

Tulikuwa tumepanga harambee uwanjani, na mheshimiwa mmoja alikuwa amekubali kuwa mgeni wa heshima. Mtu wake alitudokezea kwamba angetoa sawa na tulichochanga sisi wote. Pesa hizo zingemtunza Kapteni miaka. Sasa, nani atamwita mgeni wa heshima aje kumchangia mgonjwa ambaye ameshalazwa na kulipiwa? Atauliza anachangia nini. Harambee huku kwetu hutaka mgonjwa aonekane, akae mbele, watu wamwone na bandeji yake. Tukakubaliana tungoje siku tisa tu, na tusimwambie mtu kuwa pesa zimetosha, watu wasije wakaacha kuchanga. Nikisema tulifikiria kesho ya Kapteni nasema kweli. Lakini pia nilikuwa nimeshonesha kanzu mpya, na nilijua kiti changu kingekuwa cha pili kutoka kwa mheshimiwa.

Nilipanda Githongo kumweleza Kapteni mwenyewe. Mkewe alikuwa amepeleka kahawa kiwandani. Nilimkuta uani, mguu juu ya kigoda, na kabla sijamfikia, pua yangu ilijua. Mimi ni muuza nyama. Nyama ikianza kugeuka naijua kabla ya nzi. Nilisimama pale kidogo nikijiambia ni dawa, ni mbolea, ni ng'ombe wa jirani. Kisha nikakaa upande unaotoka upepo.

"Kapteni, pesa za hospitali zimetosha," nikamwambia.

"Basi kesho twende, mbaite," akasema, kwa lile neno la Kimeru la kumwita mtu wa kwenu, ambalo mimi wa Majengo alinipa akijua ananipa heshima.

Nikamweleza habari ya mheshimiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akiutazama mguu wake. Hakubisha. Alisema sisi ndio makocha, yeye atacheza tutakapomweka. Alipokuwa mchezaji sifa hiyo tuliipenda sana, kwamba hakuwa mtu wa kugombana na kocha. Siku ile ningefurahi kama angenitukana.

Siku tisa zilifika, na asubuhi yake tukapigiwa simu kwamba mheshimiwa ana mazishi, tusogeze mbele wiki moja. Tukasogeza. Ningeweza kukataa. Nilipiga simu Githongo kila siku kuuliza hali, mkewe akasema amepungua kula, nami nikamtumia mchuzi wa mifupa kwa mtu wa pikipiki. Mpaka leo nikikumbuka ule mchuzi naona haya.

Harambee ilifana. Kulikuwa na mechi ya wazee wenye vitambi, hema, vipaza sauti, akina mama wa Majengo na chapati zao, akina mama wa kanisa na mukimo wao. Mheshimiwa hakuja. Alimtuma mwakilishi na bahasha, na salamu ndefu kuliko bahasha. Kapteni alikaa mbele amevaa jezi ya klabu, blanketi limefunika miguu, jasho linamtoka ingawa jua lilikuwa la kawaida. Mshereheshaji, ambaye hakuwa akijua lolote, akamwomba asimame mashabiki wamwone. Nilitaka kwenda kumzuia, lakini mwakilishi alikuwa akinisemesha. Kapteni akasimama. Akasimama kwa miguu yote miwili mpaka wimbo tuliokuwa tukimwimbia zamani uwanjani ukaisha, mkono mmoja akimshika mkewe begani, na watu wazima wakalia kwa furaha. Mimi nililia pia, nao wakaniona, na wakasema huyu bwana ana moyo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali. Sasa mlango ulifunguka haraka, maana malipo yalikuwa yamefika kabla ya mgonjwa. Daktari alikuwa msichana mdogo kiasi cha kuwa binti yangu. Alifungua bandeji, akaifunga tena, akatuambia wazi kwamba habari ya vidole imepita. Mguu utakatwa juu ya goti, na leo, la sivyo watapoteza mtu mzima. Mkewe aliuliza kama hakuna njia nyingine. Hakukuwa na nyingine.

Kisha daktari akauliza, bila ukali, kwa nini tulichelewa. Aliona kwenye karatasi kwamba wiki nne na zaidi zimepita tangu aambiwe alazwe.

"Hatukuwa na pesa, daktari," mkewe akasema. "Watu wamehangaika sana kututafutia. Huyu kijana wangu hapa hajalala."

Akanishika mkono. Nilimtazama Kapteni kitandani. Ni yeye tu mle chumbani aliyejua kwamba wiki mbili nzima nilikuwa na mguu wake ndani ya simu yangu. Alinitazama, kisha akamgeukia daktari.

"Ni kweli," akasema. "Hatukuwa nazo."

Wakaja na kitanda cha magurudumu wakampeleka.

Yuko hai. Bahasha ile pamoja na michango ya uwanjani ilinunua magongo, na kiti cha magurudumu ambacho hakifai kwa mteremko wa Githongo, na dawa za miezi michache. Sasa kamati imelala kama kadi ya bima, na dawa nanunua mimi. Ijumaa hupanda na maini, kwa hiyo watu husema nimerithi wema wa baba. Mkewe hunipokea mlangoni, hunipikia chai, na kila akiomba kabla ya chai hulitaja jina langu na kumshukuru Mungu kwa mtu aliyehangaika mpaka pesa zikapatikana. Mimi na Kapteni hukaa tumeinamisha vichwa. Mara mbili nimeanza kumwambia huyo mama ukweli, na mara zote mbili Kapteni amenikatiza, akamwomba mkewe aniongezee chai.